Zabuni za Uhamiaji na Mgeni Asiye na Mbunge

Jumba la Nyayo House, Nairobi, lina orofa nyingi. Katika seli za chini yake wapinzani wa serikali waliteswa miaka ya 1980. Juu, Idara ya Uhamiaji hutoa pasipoti. Zabuni ya pasipoti hizo ndiyo iliyozaa kashfa: kazi iliyokadiriwa na kampuni ya Ufaransa kugharimu yuro milioni 6 ilipewa Anglo Leasing, kampuni hewa, kwa yuro milioni 30 hivi. Mbunge, Maoka Maore, aliifichua Bungeni mwaka wa 2004.

Je, nani atamsemea anayezuiliwa? Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, uwanja wa Kasarani uligeuzwa korokoro ya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali. Korokoro huhitaji chakula, maji, walinzi na magari, na yote hayo hulipiwa. Asiye na hati hana kura wala mbunge. Posho yake ndiyo rahisi kuibwa. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinadai uwazi katika ununuzi wa umma. Basi mikataba ya vizuizi ibandikwe Nyayo House, kwa Kiswahili, ambacho Mkongo na Mrundi (hata wasomi wetu wa sheria!) wanakisoma.