Saku Koivu hakuponywa na ujasiri

Leo naanza kwa kukiri kosa. Niliwahi kuandika gazetini kwamba marehemu fulani "ameshindwa vita dhidi ya saratani". Mhariri akaipitisha, nami nikatembea kifua mbele siku nzima. Siku hizi nikiikumbuka sentensi ile naona aibu, na aliyenitia aibu ni mcheza hoki ya barafu kutoka Finland.

Anaitwa Saku Koivu, mzaliwa wa mwaka 1974, mtu mfupi katika mchezo wa mapande ya watu. Mwaka 1995 alianza kuichezea Montreal Canadiens ya Kanada, na mwaka 1999 akapewa unahodha, akaushika miaka kumi. Septemba 2001, akirejea Montreal kutoka kwao kujiandaa na msimu mpya, tumbo lilimsumbua vibaya. Vipimo vikaonyesha saratani ya tezi, aina inayoitwa limfoma ya Burkitt. Tarehe 9 Aprili 2002 alirudi uwanjani. Watu walisimama wakampigia makofi kwa takriban dakika nane. Ligi nayo ikampa tuzo ya Bill Masterton, ambayo hutolewa kwa uvumilivu.

Basi sisi wa kalamu tukapata ulaji: moyo wa simba, shujaa aliyeikataa saratani. Mimi nasema huo ni uongo mtamu. Kama aliyepona kapona kwa ujasiri, aliyekufa kafa kwa woga? Nenda kamwambie hivyo mama aliyetoka kumzika mwanawe.

Koivu alikuwa jasiri, sikatai. Lakini aliponywa na dawa, na vipimo, na ujuzi wa madaktari. Na ujuzi huo una kwao. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala. Aliona watoto wakiletwa na uvimbe wa taya unaokua haraka, akauandika ugonjwa huo mwaka 1958. Katika miaka ya 1960, Kampala na Nairobi ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuonekana saratani ikiyeyuka kwa dawa peke yake, bila kisu. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha kuitibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wale hawakupigiwa makofi na uwanja wowote. Wengi walikufa, na kila mmoja aliwaachia madaktari kitu cha kujifunza. Nani alikuwa mwoga hapo?

Mtasema mgonjwa anahitaji kutiwa moyo. Sawa, mtieni moyo. Lakini msimbebeshe jukumu la kujiponya. Tukishasema kupona ni suala la moyo, hakuna tena wa kuulizwa kwa nini dawa hazipo. Serikali inapumua, hospitali inapumua, na mgonjwa anakufa na lawama juu.

Koivu mwenyewe alilielewa hili kuliko sisi waandishi. Hospitali Kuu ya Montreal haikuwa na mashine ya PET, ile inayoonyesha saratani iko wapi mwilini. Alipopona hakukaa kusimulia ushujaa wake. Alianzisha mfuko, akachangisha fedha, mashine ikanunuliwa. Mtu aliyeamini kwamba kilichomponya ni moyo wake asingehangaika na mashine.

Sasa rudi Kampala, kule ujuzi ulikotoka. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na wagonjwa wakasubiri hadi mwishoni mwa 2017 kupata nyingine. Wale waliokufa wakisubiri, tuwaandikeje? "Walishindwa vita"?

Mimi nimeacha kuiandika sentensi ile. Nikipewa habari ya msiba wa saratani, naulizia kwanza kama dawa zilikuwepo na mashine ilikuwa inafanya kazi. Wenzangu wa vyumba vya habari, nanyi ulizeni.