Hiyo ni Kompyuta ya Gemu au ni Stika Tu?

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya hifadhidata, lakini kuna jambo limenikera na sitalala vizuri mpaka nilitoe.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Kilindini amekuja kuniomba ushauri. Amejinyima karibu mwaka mzima, na sasa anataka kununua laptopu ya gemu. Nikamuuliza kwa nini hiyo na si nyingine. Akajibu, "Kaka, angalia nembo!" Kuhusu prosesa hakuwa na habari. Fundi atampata wapi ikiharibika? Hilo pia hakuwa amelifikiria. Nembo ilimtosha.

Sikumcheka, maana miaka mitano iliyopita mjinga huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu kwa mkataba. Nikaweka akiba, mama akaniongezea pesa yake ya chama, nikanunua laptopu yenye jina kubwa la gemu (jina silitaji, na duka pia silitaji). Taa nyekundu kwenye kibodi, mfuniko mweusi wenye mchoro, raha mtupu! Mwezi wa kumi na nne feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga mahindi, kisha mashine ikawa inajizima kila baada ya dakika kumi. Kazi ya mteja ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Nikarudi dukani. Wakaniambia spea za jina hilo haziko Mombasa, haziko Nairobi, ziagizwe ng'ambo: miezi miwili, na bei ya karibu nusu ya laptopu yenyewe. Nilirudi nyumbani bila kumwambia mama.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale. Alichukua bisibisi, akafungua mfuniko wa chini, akaniita nisogee. "Soma hapa, mwanangu." Juu ya bodi palikuwa na jina la kiwanda kingine kabisa cha Taiwan na nambari ya modeli. Lile jina la gemu halikuwemo mahali popote ndani. Lilikuwa juu ya mfuniko na kwenye stika ya chini, basi.

"Ami, kwa hivyo nimeuziwa feki?"

"Si feki. Ni mashine ya watu wengine, hawa wameivisha nguo tu."

Tukatafuta ile nambari ya modeli, tukakuta mashine hiyo hiyo inauzwa kwa majina mengine matatu, tena ya kawaida, yasiyo na mbwembwe za gemu. Siku ya tatu fundi akapata moja kwenye rundo la mitumba, skrini imepasuka lakini feni yake nzima. Shilingi 3,500 pamoja na ufundi. Kazi ya mteja ikafika kwa wakati.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mambo ya kompyuta zilizobadilishwa majina, na nimegundua mchezo huu ni wa zamani sana.

Chukua Sinclair. Miaka ya 1980 watoto wa Uingereza walicheza gemu kwenye Sinclair ZX Spectrum mpaka vidole vikauma. Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad ilinunua haki za kompyuta za Sinclair pamoja na jina lenyewe. Mwaka 1988 ikatoa Sinclair PC200, yaani kloni ya IBM PC iliyowekwa jina la watu wa gemu. Ndani: prosesa ya 8086 ya megahezi 8, memori ya kilobaiti 512, grafiki za CGA zinazoonyesha rangi nne tu kwa wakati mmoja kwenye gemu nyingi, na spika ya kupiga "piii". Wakati huo Amiga 500 ilikuwa sokoni tangu 1987, na palette yake ilikuwa na rangi 4,096! Kichekesho ni kwamba Amstrad iliuza mashine ile ile kwa rangi nyeupe kama kompyuta ya ofisini, ikaiita Amstrad PC20. Nyeusi ni ya gemu, nyeupe ni ya kazi. Watu hawakudanganyika, PC200 haikuuza, na leo ni adimu kiasi kwamba wakusanyaji wa kompyuta za kale wanaitafuta.

Au chukua Commodore, wale wa Commodore 64 ya mwaka 1982. Kampuni ilikufa mwaka 1994. Mwaka uliofuata Escom ya Ujerumani ikanunua mali zake, ikauza PC za kawaida zikiwa na jina la Commodore, kisha nayo ikafilisika mwaka 1996. Jina likaenda kwa Tulip ya Uholanzi, likaendelea kupita mikononi mwa watu, na mwaka 2007 likatokea tena juu ya PC za gemu zenye makasha ya michoro. Ndani mlikuwa na prosesa za Intel, vitu ambavyo fundi yeyote angeweza kukuunganishia. Waliotengeneza ile ya 1982 hawakuwemo. Jina peke yake ndilo lililosafiri.

Sasa, msinielewe vibaya. Sisemi kubandika jina ni dhambi. Kiwanda cha Clevo huko Taiwan kimejenga laptopu zinazouzwa kwa majina chungu nzima, na nyingi ni mashine nzuri. Hata Alienware, kabla ya kununuliwa na Dell mwaka 2006, iliuza laptopu zilizotoka Clevo.

Na sisi watu wa Mombasa tumelijua jambo hili kabla ya kompyuta. Nenda Biashara Street, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Leso zake zina chapa ya "Mali ya Abdulla" na hakuna mama wa mjini asiyeijua. Leso hizo zimechapwa ng'ambo kwa miaka mingi, zikaingia kwa meli. Mbona hakuna anayelalamika? Kwa sababu mwenye chapa ndiye anayechagua mchoro na maneno, na duka lake liko pale pale. Rangi ikichuja, mama anajua mlango wa kubisha.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwenye jina anayechagua vifaa, anayeweka spea na anayejibu simu, huyo alipwe pesa ya jina lake kwa raha zake. Lakini anayebandika stika, akaongeza bei, kisha akaficha nani aliitengeneza, huyo anakuchukulia pesa mara mbili: siku ya kununua na siku ya kuharibika. Kama ningejua jina la kiwanda tangu siku ya kwanza, feni ingekuwa kazi ya alasiri moja. Nadhani nambari ya modeli ya kiwanda ingepaswa kuandikwa kwenye boksi, nje, kwa herufi za kusomeka. Watasema tukijua tutalinganisha bei. Ndiyo, tutalinganisha!

Yule kijana nilimpa kazi tatu. Kwanza, ageuze laptopu asome stika ya chini, kisha aitafute modeli hiyo kwa majina mengine. Pili, aulize duka, "Feni ikifa, naipata wapi hapa Mombasa, na kwa bei gani?" Wakibabaika, aondoke. Tatu, alinganishe prosesa, kadi ya grafiki na memori na mashine isiyo na mbwembwe.

Jana jioni amenipigia. Duka la kwanza walibabaika. Kesho tunakwenda la pili pamoja, na bisibisi nitakuwa nayo mfukoni.