Umemjua Muuaji Mapema? Mwandishi Kakutendea Haki

Mwandishi chipukizi akitoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, hukumu ya wasomaji haikawii, na mara nyingi huja kwa sentensi ileile: "Mimi nilishamjua muuaji tangu sura ya tatu." Husemwa kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyemaliza chemsha bongo ya gazeti kabla chai haijapoa. Baada ya hapo hakuna anayeuliza zaidi. Wahusika walikuwaje, mji ulichorwaje, polisi walizungumza kama polisi au kama watangazaji wa redio, hayo yote hayana mwenyewe. Kitabu kimeshafeli.

Nyuma ya hukumu hiyo kuna imani iliyoota mizizi kwamba riwaya nzuri ya upelelezi ni ile iliyomshinda msomaji akili. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia gharama ni waandishi wanaoanza.

Tuanze na majigambo yenyewe. Riwaya ikiwa na washukiwa watano, mtu anayebahatisha macho yakiwa yamefumbwa ana nafasi moja kati ya tano. Wasomaji elfu moja wakibahatisha hivyo, mia mbili watapatia bila kutumia dalili hata moja. Hao mia mbili ndio tutakaowasikia. Mia nane waliokosea watanyamaza, maana nani hujitangaza kwamba alidanganyika? Halafu kuna wale ambao sura ya pili walimshuku mjane, ya tano dereva, ya tisa mwanasheria, na kila mshukiwa alipata zamu yake. Mwisho ukifika nao wanasema, "Nilijua tu!" Ulijua, ndiyo, kwa sababu uliwashuku wote.

Lakini tuseme kweli ulisoma kwa makini, ukaunganisha dalili, ukampata mtu mapema. Hapo mwandishi amekosa nini? Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyeandika pia riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za uandishi huo. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Nyingine inamkataza mpelelezi kuokota dalili bila kumwonyesha msomaji hapohapo. Ya mwisho inapiga marufuku mapacha wasiojulikana kuzuka ghafla. Kanuni zenyewe ziliandikwa kwa utani mwingi, lakini shabaha yake ni dhahiri: msomaji apewe nafasi halali ya kujua. Ukishaitoa nafasi hiyo, wapo watakaoitumia. Mwandishi pekee anayeweza kuwazuia wasomaji wote wasijue ni yule anayewaficha taarifa, na huyo hajawashinda akili, amewaibia.

Kuna riwaya ya kwanza ambayo hao wanaojua tangu mwanzo wangepaswa kuisoma kabla ya kuhukumu nyingine yoyote. Ni The Mysterious Affair at Styles ya Agatha Christie, iliyotoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1921, baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Imepita miaka zaidi ya mia, kwa hiyo nitautoa mwisho wake hapa bila kuomba radhi. Bibi tajiri anakufa kwa sumu ya striknini. Ameolewa upya na mwanamume mdogo kwake kwa miaka mingi, mwenye madevu meusi, ambaye nyumba nzima haimpendi. Msomaji wa kawaida, kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti, anasema: mume huyo.

Na ni mume kweli.

Christie hakumficha. Alifanya jambo gumu zaidi. Mume anataka akamatwe haraka, kwa ushahidi ambao yeye na mshirika wake wameutengeneza ili uje ubomoke mahakamani, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya wakati ule haikuruhusu mtu aliyeachiwa huru kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Polisi wanapotaka kumtia pingu, anayewazuia ni mpelelezi Hercule Poirot. Hapo msomaji aliyekuwa na uhakika anaanza kujitilia shaka: mbona mpelelezi anamtetea mtu wangu? Jina la muuaji ulikuwa nalo, lakini hukujua alivyopanga, wala kwa nini alihitaji kushukiwa. Mzigo wote wa kitabu umebebwa na hayo mawili. Sasa mtu akifunga ukurasa wa mwisho na kusema "nilijua ni mume," amesema kweli tupu, na hajasema chochote kuhusu kitabu.

Karibu karne moja baadaye, Oyinkan Braithwaite wa Nigeria alikwenda mbali zaidi. Riwaya yake ya kwanza, My Sister, the Serial Killer, ilitoka mwaka 2018, na muuaji katajwa kwenye jalada. Ni mdogo wake msimuliaji. Kitabu kinaanza kwa simu: Ayoola, mrembo wa Lagos, anamwambia dada yake Korede kwamba amemuua mpenzi wake. Si wa kwanza. Korede ni muuguzi, tena mtu wa usafi kupindukia, na anakwenda na vifaa vyake kusugua damu. Anaijua kazi hiyo kama mtu mwingine anavyojua kupika wali. Baada ya hapo tunasoma kurasa nyingi bila swali la "nani". Daktari ambaye Korede anampenda kimyakimya hospitalini anamwona Ayoola, na basi, roho yake imeshachukuliwa. Je, Korede amwambie? Akimwambia atamsaliti ndugu yake, na akinyamaza huenda siku moja akaitwa tena na ndoo na dawa ya madoa. Siri zake zote amezimwaga kwa mgonjwa mmoja aliyepoteza fahamu, akiamini hasikii. Mgonjwa yule anazinduka.

Niambie hapo taharuki imepungukiwa na nini. Wapo walionung'unika kwamba hiyo si riwaya ya uhalifu kwa kuwa hakuna fumbo la kufumbua. Mwaka 2020 ilichaguliwa riwaya bora ya uhalifu katika tuzo za vitabu za Uingereza, na mwaka uliotangulia ilikuwa kwenye orodha ndefu ya tuzo ya Booker. Tuzo si msahafu, najua. Ila hapa waamuzi walielewa jambo ambalo wengi wetu tunalikataa: hofu ya kujua kitakachotokea inaweza kumbana mtu koo kuliko hamu ya kujua aliyefanya.

Tunalikataa kwa midomo tu, maana mazoea yetu wenyewe ya kusoma yanatusuta. Mashabiki wa mwandishi Elvis Musiba waliompokea mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, hawakukesha wakitafuta adui ni nani. Walitaka kumwona Willy akipenya. Na Muhammed Said Abdulla je? Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu chake cha kwanza, kilichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Watu wanakirudia hadi leo, wengine wakiwa wameshakisoma shuleni na mwisho wanaujua kwa moyo. Wanarudi kwa ajili ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kwa maongezi yake na mwenzake Najum, kwa Kiswahili cha Unguja kinachotiririka. Kama kumjua muuaji kunaua riwaya, kitabu hicho kilipaswa kufa mara tu msomaji wa kwanza alipokimaliza.

Mwandishi aliye na jina husamehewa hata muuaji wake akijulikana mapema. Mkongwe akiacha dalili wazi, tunasema amefanya makusudi. Chipukizi akifanya vilevile, tunasema hajui kazi. Mwaka 2013 ilitoka The Cuckoo's Calling ya mwandishi mpya aitwaye Robert Galbraith. Ilisifiwa na wahakiki, ikauza nakala 1,500 hivi za jalada gumu Uingereza. Miezi michache baadaye gazeti la Sunday Times likafichua kwamba Galbraith ni J. K. Rowling, na ghafla kitabu kikapaa hadi kileleni mwa mauzo. Maneno ndani yake yalikuwa yaleyale.

Matokeo ya shinikizo hili yanaonekana kwenye vitabu vyenyewe. Mwandishi anayeogopa kuambiwa "nilijua" anaanza kuandika kama mtu anayefukuzwa. Muuaji anakuwa mlinzi aliyepita getini mara moja ukurasa wa 12. Au mpelelezi mwenyewe, bila sababu yoyote. Au marehemu hakufa. Mama aliyelia msibani kwa sura nzima anageuka jambazi sura inayofuata, na machozi yake yote yanakuwa uongo ambao hakuna aliyetuandalia. Msomaji anashangaa, ni kweli, lakini hata kiti kikivunjika ghafla utashangaa.

Sisemi kila anayelalamika kaonea. Ziko riwaya ambazo hazina kitu kingine ila fumbo: wahusika ni majina tu, mji ungeweza kuwa mji wowote, na mazungumzo yote yanatembea kwa mguu mmoja. Fumbo la kitabu cha aina hiyo likipasuka sura ya tatu, hakuna kinachobaki. Basi lalamikia hilo. Sema wahusika hawana uhai. Sema umeshindwa kumwogopa muuaji hata baada ya kumjua, maana hilo ndilo kosa kubwa, na mwandishi akilisikia atajua pa kushika kalamu.

Christie alipata msomaji anayepima kazi yenyewe, si fumbo tu, kwa kitabu chake cha kwanza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali mjini Torquay, na huko ndiko alikojifunza njia iliyotumika kumuua yule bibi: unga wa bromidi ukitiwa kwenye dawa yenye striknini, sumu hujitenga na kutuama chini ya chupa, kisha dozi ya mwisho inakuwa kifo. Jarida la wafamasia wa Uingereza lilikihakiki kitabu na kusifu jinsi sumu ilivyoshughulikiwa, na inasemekana sifa hiyo ilimfurahisha Christie kuliko nyingi alizopata baadaye. Ningependa riwaya mpya za Kiswahili zisomwe hivyo. Askari mstaafu atuambie kama jalada la kesi linafunguliwa namna ile. Muuguzi atuambie kama damu inatoka sakafuni kirahisi vile, na dereva wa daladala aseme kama kutoka Mbagala hadi Kariakoo saa moja asubuhi muuaji angewahi kweli.