Kazi ya Kupimwa Isiyo na Ujira



Desturi moja imeingia katika uajiri wa zama hizi, nayo yafaa tuitazame vema kabla haijaota mizizi zaidi. Kijana aliyejifunza ubunifu wa michoro, yaani kazi ya kuchora nembo, mabango na kurasa za vitabu na za intaneti, aombapo kazi huagizwa kwanza afanye kazi ya majaribio. Hatajiwi ujira, hutajiwa tu siku ya kuileta.

Kumpima mwombaji si dhuluma. Sisi makarani twalijua jambo hili tangu zamani. Mpiga taipu aliketishwa mbele ya mashine, akapewa ukurasa wa kunakili, yakahesabiwa maneno yake kwa dakika pamoja na makosa yake. Karatasi ile ikatupwa kapuni, maana haikumfaa mtu yeyote. Kama angalipewa barua 40 za ofisi azipige nyumbani kwake usiku kucha, kisha asubuhi zikatiwa posta, tungaliita kazi, wala si mtihani.

Mpaka huo ndio uvukwao leo. Mwana wa ndugu yangu aliomba kazi katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Aliagizwa achore nembo mpya ya kampuni hiyo hiyo, bango la bidhaa yake, na kurasa 6 za programu yake ya simu, yote kwa siku 5. Alinunua intaneti kwa fedha yake, akaacha vibarua vilivyomlisha. Alileta kazi siku ya ahadi. Kazi hakupata, wala jibu hakupata. Kama michoro yake ilitupwa au ilitumika, hana njia ya kujua.

Wako wasemao ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini hapa watakao ni wawili, mwajiri ataka fundi na fundi ataka kazi. Mbona ainamaye ni mmoja?

Tena mtihani wa namna hii haupimi ustadi. Kijana anayelishwa na wazazi wake aweza kutoa juma zima bure. Mwenye watoto hawezi. Basi hupimwa nafasi ya mtu, na huyo mwenye watoto huachwa hata kama mkono wake ni bora.

Sheria haiko kimya kabisa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, mwenye kazi ya sanaa ni yule aliyeibuni. Mwajiri aweza kuimiliki ile iliyofanywa katika mkataba wa ajira. Mwombaji hana mkataba huo, basi michoro ni yake. Lakini haki hiyo haimrudishii siku zake 5.

Wala si shida yetu peke yetu. Uingereza, mbunge Stewart McDonald alileta mswada wa kupiga marufuku vipindi vya majaribio visivyolipwa. Tarehe 16 Machi 2018 maneno yaliongezwa Bungeni hata saa zikaisha, na mswada ukafa bila kupigiwa kura.

Ndugu zangu, barua za kuwaita waombaji hazijiandiki. Twaziandika sisi, na wengi wetu leo twaketi upande wa wanaouliza. Basi yaliyo mikononi mwetu tuyatende. Kwanza, tutazame kazi alizokwisha kufanya mwombaji, naye atueleze alivyozifikiri. Pili, ikiwa hapana budi kumpima, jaribio lisizidi saa mbili, na liwe juu ya jambo la kubuni lisiloweza kutumiwa na ofisi. Tatu, likizidi hapo, lilipwe, na kiasi kitajwe katika barua ile ile ya mwito. Nne, kila aliyeleta kazi ajibiwe, hata kama jibu ni la kumkataa.

Nao vijana wasione haya kuuliza mapema: Je, kazi hii italipwa? Itatumika wapi? Mwajiri mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na yule atakayechukizwa amekwisha kuonyesha jinsi atakavyowatendea siku watakapokuwa watumishi wake.

Mwenye kutaka jasho la mtu na alilipe.

Mimi, Mwanachama Mwenzenu