Alama za Vidole: Waliofutwa Katika Historia

Historia ya alama za vidole ikisimuliwa huanzia London, kana kwamba polisi wa Scotland Yard ndio walioivumbua kazi hii walipofungua ofisi yao mwaka 1901. Si kweli, na kila inaporudiwa kuna watu wanaodhulumiwa.

Husemwa kesi ya kwanza ya mauaji kuamuliwa kwa alama ya kidole ni ya ndugu wawili wa Stratton, walionyongwa London mwaka 1905. Miaka 13 kabla yao, huko Necochea, Argentina, watoto wawili wa Francisca Rojas waliuawa, na mama akamsingizia mwanamume aliyemfahamu. Mpelelezi Eduardo Álvarez aliona mlangoni alama ya dole gumba, damu imekaukia ubaoni. Alikata kipande kile cha mbao, akakilinganisha na dole la mama mwenyewe. Mama akakiri.

Eti alama hizi zilianza kwa ajili ya wahalifu? Rajyadhar Konai wa Bengal hakuwa mhalifu. Mwaka 1858 aliingia mkataba wa kuleta vifaa vya kujengea barabara. Ofisa Mwingereza, William Herschel, alimpaka kiganja kizima wino wa mhuri wa ofisi, akakigandamiza nyuma ya karatasi. Herschel hakuwa amegundua lolote bado. Alitaka kumtia hofu Konai asije akaikana saini yake. Baadaye, wilayani Hooghly, hata wastaafu walitia dole ili walipwe pensheni. Afrika Mashariki tunaijua njia hiyo: kipande cha Kenya, yaani kitambulisho walichoning'inizwa shingoni wanaume Waafrika kuanzia 1920, kilikuwa na alama za vidole vya watu wasioshtakiwa kwa lolote.

Linaloniuma zaidi ni lile jina la mfumo wa kupanga kadi za alama hizi, "mfumo wa Henry". Edward Henry alikuwa mkuu wa polisi wa Bengal. Kazi ngumu haikuwa kupaka wino, ilikuwa kuipata kadi moja kati ya maelfu. Msaidizi wa Henry, kijana wa hisabati Azizul Haque, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo. Vidole 10 viligawanywa jozi 5. Kidole ambacho mistari yake imejizungusha kama kisulisuli kilipewa thamani: 16 katika jozi ya kwanza, kisha 8, 4, 2 na 1. Kidole kimoja cha kila jozi kilihesabiwa juu, mwenzake chini, halafu ikaongezwa 1 kila upande. Asiye na kisulisuli hata kimoja ni 1/1. Mwenye navyo vyote ni 32/32. Kabati la mashubaka 1,024 likatosha, na karani akajua pa kutia mkono. Mwenzake Haque, Hem Chandra Bose, aliendelea kuyagawa mashubaka hayo zaidi.

Kitabu cha kuueleza mfumo huo kilitoka mwaka 1900 kwa jina la Henry. Mwaka 1926 ndipo Henry mwenyewe alipoandika kwamba hakuna msaidizi wake aliyechangia mfumo ule kuliko Haque.