Tusiyasingizie Majaliwa



Hadithi za wapendanao waliozuiwa kuoana zapendwa sana na vijana, hapa Base ya Kamina kama kwingineko. Wazee wengine wazichukia, ati zafundisha uasi. Vijana nao huzisoma kwa machozi, kisha hufunga kitabu na kusema: "Ndiyo majaliwa." Sisi twasema kwamba hawa wala wale hawakusoma vema.

Tazameni Romeo na Juliet, mchezo wa Shakespeare uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597. Mtungaji azitaja nyota tangu mwanzo. Lakini tuwahesabu wenye hatia. Jamaa mbili zachukiana, wala hakuna aelezaye sababu. Baba amshurutisha binti asiyetimiza miaka 14 aolewe na mtu asiyempenda. Padri awafungisha wapenzi ndoa kwa siri. Naye hatumwachi, maana ndoa ya siri haikuwa na mtu wa kuitetea hadharani. Kweli, hofu ya tauni yazuia barua isifike. Lakini ni chuki ya wakubwa iliyowafanya watoto wale wategemee barua moja tu.

Tuje karibu na kwetu. Katika Vuta N'kuvute, kitabu cha Adam Shafi wa Zanzibar kilichotoka mwaka 1999, Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa mwanamume mzee angali mdogo. Amkimbia, na watu wake wamkataa. Kisha ampenda Denge, Mwafrika apingaye utawala wa Waingereza, na serikali yamwandama Denge. Majaliwa yako wapi hapo? Twaona jamaa, twaona askari, twaona ubaguzi.

Sisi wa Kamina twapaswa kuelewa upesi. Kati ya mwaka 1992 na 1994 watu wa Kasai kwa mamia ya maelfu walifukuzwa Katanga, na wengi walipelekwa kwa treni katika reli hii ipitayo Kamina. Nyumba zilizounganisha watu wa pande mbili hizo ziligawanyika. Je, ni nyota zilizojaza mabehewa yale?

Na leo, baba amkataaye mkwe kwa sababu ya kabila, au apandishaye mahari hata kijana ashindwe, asiseme: "Mungu hakupenda." Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yafundisha kwamba ndoa hufanywa na kukubaliana kwa hao wawili, wala hakuna mwanadamu awezaye kukubali badala yao. Wazazi na washauri, wachunguze tabia, waonye. Hiyo ni kazi yao. Lakini afungaye mlango kwa chuki au kwa tamaa ya mali, ataje jina lake mwenyewe, asitaje la Mungu.

Basi, wazee wetu, msiwanyang'anye vijana vitabu hivyo. Visomeni ninyi kwanza, mkajitafute humo.