Hind: jina la wake kwa waume lililosingiziwa

Tuliitwa hivi karibuni katika nyumba moja ya jirani, siku ya sita tangu kuzaliwa mtoto wa kike. Mbuzi wa akika alikwisha nunuliwa, ila jina lilikuwa halijapatikana. Bibi mzaa baba alitaka mjukuu aitwe Hind, jina la marehemu mama yake. Ami wa mtoto alikataa katakata. Alisema hilo ni jina la mwanamke aliyetafuna ini la Sayyidna Hamza (R.A.), tena watu watalidhania kuwa ni la dini ya Wahindu, tena yeye mwenyewe amemsoma katika sira mwanamume aitwaye Hind, basi vipi apewe binti? Mama mzazi alikuwa pembeni akifuta machozi, na hakuna aliyemuuliza neno.

Tuanze na hilo la mwisho, kwani ami alisoma sawa. Bibi Khadija (R.A.), kabla ya kuolewa na Mtume (S.A.W.), alikuwa na mwana aliyeitwa Hind bin Abi Hala. Kijana huyu alilelewa katika nyumba ya Mtume, na ndiye ambaye Sayyidna Hasan bin Ali alimwendea, kwa kuwa ni mjomba wake, kumuuliza Mtume alikuwa na umbo gani, alitembeaje na alizungumzaje. Imamu Tirmidhi ameipokea sifa hiyo katika Shamail, ijapokuwa wanazuoni wameizungumzia isnadi yake. Walikuwapo pia ndugu wawili wa kabila la Aslam, wote wanaume, mmoja Asma bin Haritha na wa pili Hind bin Haritha. Imepokewa kuwa Abu Huraira (R.A.) aliwadhania kuwa ni watumishi wa Mtume, kwa jinsi walivyodumu mlangoni pake. Na katika wapokezi wa Imamu Bukhari yumo Juwayriya bin Asma wa Basra, mwanamume mwana wa mwanamume, na leo majina yote mawili tunawapa mabinti zetu. Ndiyo maana wanazuoni wa hadithi waliweka mlango maalumu wa majina wanayoshirikiana wanaume na wanawake, ili msomaji wa isnadi asimgeuze mtu jinsia. Makatazo ya mwanamume kujifananisha na mwanamke yanahusu mavazi, mwendo na namna ya kujiweka. Jina lililotumiwa na wote wawili halimo humo.

Ama kuhusu Uhindi, Waarabu waliijua nchi hiyo kwa jina la Hind, na panga zilizofuliwa kwa chuma chake walizisifu sana. Lakini jina la mtu lina maana nyingine katika kamusi zao: kundi la ngamia mia au zaidi, yaani utajiri. Kila aliyesoma nahau madrasa amekutana na Hind katika mifano ya mwalimu kabla hajaijua ramani ya dunia. Kwetu pwani ulimi haupendi kumalizia neno kwa konsonanti, kwa hiyo bibi zetu wakasema Hindu, na hapo ndipo shaka ilipoingia. Wala si sisi peke yetu. Mwezi Januari 2023 mtawala wa Dubai alipolibadilisha eneo la Al Minhad likaitwa Hind City, wengi ulimwenguni walidhani imeheshimiwa India, hata wakuu wa huko wakalazimika kueleza kuwa ni jina la kale la Kiarabu.

Limebaki la ini, nalo ndilo zito. Hind bint Utba alimpoteza baba, ami na ndugu katika Badri, mwaka wa 2 Hijria, na chuki aliyokuja nayo Uhud haifichiki. Habari ya kutafuna ini imo katika vitabu vya sira. Hata hivyo Wahshi, aliyemuua Hamza kwa mkuki wake, amesimulia tukio hilo mwenyewe katika Sahihi Bukhari bila kumtaja Hind kwa jambo hilo. Lakini tuseme ilikuwa. Mwanamke huyu alisilimu mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, akampa Mtume mkono wa utii kwa maneno. Akamwambia kwamba hapakuwa na nyumba aliyotamani idhalilike kuliko yake, na sasa hakuna anayotamani itukuke kuliko hiyo. Mtume alimpokea. Je, sisi ni nani hata tumfungulie upya daftari kwa kupitia kichanga wa siku sita?

Na Mtume (S.A.W.) hakuwa akiyaachia majina mabaya. Barra alimwita Juwayriya, na mwingine Zainab, kwa kuchelea kujitakasa. Aasiya, lenye maana ya muasi (si Asia mke wa Firauni, ambaye herufi zake ni nyingine), akalifanya Jamila. Jina la Hind halikuguswa. Mama wa waumini Umm Salama (R.A.) jina lake ni Hind bint Abi Umayya, na huyu ndiye aliyemshauri Mtume siku ya Hudaybiya atoke, achinje na anyoe bila kusema na mtu, na watu wakamfuata.

Jina hili lilisikika tena dunia nzima mwaka 2024, pale Hind Rajab, binti mdogo wa Gaza, aliponaswa garini kati ya maiti za jamaa zake tarehe 29 Januari, akiomba kwa simu aje achukuliwe. Mwili wake ulipatikana siku 12 baadaye.

Kuhusu mtoto wa kiume, hatuoni kizuizi cha sheria, lakini hatushauri. Desturi ya watu imelihamishia jina hili kwa wanawake, na kijana atakayeitwa hivyo leo atajieleza shuleni na ofisini maisha yake yote.

Baada ya hayo ami alibakiwa na swali moja: katika cheti iandikwe Hind au Hindu? Tukamwambia iandikwe Hind, na bibi amwite Hindu kama alivyozoea kumwita mama yake.